Sentimeta Kumi na Saba na Robo

Kasha lilikuwa la buluu, la kutosha kubeba mkate mmoja na nusu, na tangu lirudi kutoka ng'ambo ya bahari lilikuwa limefungiwa kabatini kama mtuhumiwa. Bwana Kanuni alilitoa kwa mikono miwili, akaliweka mezani mbele ya Mpelelezi, halafu akajipangusa vidole kwa kitambaa, ingawa kasha lilikuwa safi kuliko meza yenyewe.

Huyu Bwana Kanuni alikuwa karani wa malalamiko wa hospitali. Jina alilipata siku alipomwandikia mlinzi barua ya onyo kwa kupiga chafya karibu na faili. Ndivyo walivyosema wenzake, naye hakuwahi kukanusha.

Mpelelezi hakugusa kasha. Alitaka kwanza asikie habari yote, polepole, kama mtu asiyejua lolote, na karani akamweleza huku akifuata mistari ya faili kwa ncha ya kalamu.

Siku kumi na tisa zilizopita, kasha hilo lilibeba mfuko wa uboho. Mtu mwema asiyejulikana, katika mji ulioko ng'ambo ya pili ya bahari, alikubali kutolewa uboho mifupani ili apewe binti wa fundi cherehani wa mji huu, mwalimu wa shule ya msingi ambaye damu yake ilikuwa imegoma kujitengeneza. Mfuko ulifika, binti akawekewa, na hesabu ya damu ikaanza kupanda. Sasa daktari alitaka mfuko wa pili, mdogo, wa kuusaidia ule wa kwanza, maana kupanda kulikuwa kumepunguza mwendo. Mtoaji alikubali tena. Ndege ya kuufuata ilikuwa ya kesho asubuhi.

Shida ilikuwa kidude kimoja cha ukubwa wa kiberiti, kilichobandikwa ndani ya kifuniko. Kazi yake ni kuandika joto la kasha kila baada ya dakika tano, na kuweka alama kila kifuniko kinapofunguliwa. Kilipochomekwa kwenye kompyuta kilitoa alama moja isiyotakiwa: kifuniko kilifunguliwa njiani, kwa dakika nne. Ofisi ya watoaji kule ng'ambo ilipopata habari ikaandika kwamba haitoi mfuko wa pili mpaka ijue nani aliufikia wa kwanza. Walitaka jibu leo, kabla ya saa kumi na moja jioni.

"Na jibu ninalo," Bwana Kanuni alisema. "Ni mbebaji."

Mpelelezi aliomba aonyeshwe hesabu. Karani aliipenda hesabu yake. Alikuwa ameipiga mistari ya rangi mbili. Kifuniko kilipofungwa kule hospitali ya ng'ambo, kidude kilianza kuhesabu kutoka sifuri. Baada ya saa tatu na dakika tano, mbebaji alituma ujumbe: Tumeruka. Safari ya kuvuka bahari ni saa tisa na dakika kumi; alionyesha tiketi ya kwendea, imeandikwa hivyo hivyo. Kwa hiyo ndege ilitua baada ya saa kumi na mbili na robo. Ukaguzi uwanjani, dakika arobaini na tano. Hapo inafika kumi na tatu kamili, na kwenye dakika hiyo hiyo mbebaji alituma ujumbe wa pili: Tumetua, tunatoka. Barabara saa mbili. Kasha likapokelewa hospitali kwenye saa ya kumi na tano.

"Kifuniko kilifunguliwa saa ya kumi na moja na dakika ishirini," alimalizia. "Ndege iko angani, bado karibu saa nzima itue. Nani mwingine alikuwa na kasha mapajani? Malaika?"

"Na tiketi ya kurudia?"

Tiketi ya kurudia haikuwepo. Mtoaji alichelewa kutoka chumba cha upasuaji, mbebaji akahamishiwa ndege nyingine kwa simu, karatasi hakupewa. Lakini njia ni ile ile, karani alieleza kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, na kilometa ni zile zile. Kwenda tisa na kumi, kurudi tisa na kumi. Shirika la ndege liliahidi kutoa kumbukumbu zake baada ya kuandikiwa barua na kupita siku tatu za kazi.

Mpelelezi aligeuza karatasi ya joto. Mstari ulikuwa umepanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi na goti bovu, ukapita saba, ukafika saba na nusu. Hapo ndipo kifuniko kilipofunguliwa. Baada ya hapo mstari ulishuka mpaka nne, ukatulia.

Ndipo akafungua kasha. Ndani vilikuwamo vifuko sita vya barafu, sasa maji matupu. Vinne vilikuwa vikubwa, vya buluu, na mhuri wa hospitali ya ng'ambo. Viwili vilikuwa vidogo, vyeupe, vimechorwa pengwini aliyevaa skafu.

Aliuliza hawa pengwini wametoka wapi. Bwana Kanuni alisema bila shaka ni vya ndege. Mbebaji aliomba barafu kwa wahudumu ili afiche alichofanya. Mpelelezi alimjibu kwamba amepanda ndege mara nyingi, na barafu ya ndegeni ni ya vipande, inaogelea kwenye glasi. Tena hajawahi kuona mwizi anayefungua jokofu la watu akaliacha lina baridi kuliko alivyolikuta.

Alivitia pengwini mfukoni, akasaini kwamba amevichukua. Karani akamwomba asaini mara mbili.

Mbebaji alikuwa korido, amekaa kwenye benchi. Alikuwa mstaafu wa posta, umri sabini na mbili, viatu vimeng'aa, kofia magotini. Kubeba uboho ilikuwa kazi yake ya kujitolea. Alishavuka bahari mara kumi na moja, na katika mji mzima ni yeye peke yake aliyekuwa amefunzwa na kupewa kibali. Walimwita Mzee Chumvi, na hilo halikuwa na uhusiano na chakula. Mtu akimuuliza saa, anaweza kuanzia kwa aliyebuni jua.

Mpelelezi, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aliitwa binti kabla hajakaa.

Mzee alisimulia safari yote bila kuombwa. Rubani alimtambua akamwita mbele. Walikutana na wingu kubwa kama mlima, rubani akamuuliza wapite kushoto au kulia, yeye akasema kulia, wakapona abiria mia tatu. Chakula hakugusa. Jicho hakufumba tangu kule mpaka huku. Kuhusu kifuniko, hakukifungua yeye, ila kulikuwa na mtu wa kiti cha jirani, mwenye koti jeusi, aliyelitazama kasha kama paka anavyotazama samaki. Mzee alikwenda msalani dakika chache tu. Aliporudi, koti jeusi lilikuwa limesogea.

Mpelelezi aliuliza hiyo ilikuwa lini.

"Saa ya tisa ya safari, binti. Tumekaribia kutua. Nakumbuka kama jana."

"Na mlipotua?"

"Tulipita kama upepo. Kule mezani hata hawakuniangalia mara mbili."

Aliyaandika yote mawili, akapiga mstari chini ya la kwanza. Halafu akamuuliza kuhusu pengwini. Mzee Chumvi alivigeuza vifuko viganjani mwake. Alisema hajawahi kuviona, na ilionekana wazi kwamba hilo lilikuwa kweli.

Duka la fundi lilikuwa mtaa wa nyuma ya hospitali, chumba kimoja chenye cherehani mbili na dirisha la kutosha. Fundi alikuwa mwanamume aliyefiwa na mke, mfupi, mwenye tepu shingoni na pini mdomoni, na alizungumza bila kuzitoa. Yeye ndiye aliyefungua malalamiko polisi. Alimwambia Mpelelezi kwamba hana ugomvi na mzee wa watu, lakini kama kuna mkono uliingia mle ndani, basi hajui binti yake amewekewa nini. Na mfuko wa pili usipokuja, anajua kabisa kitakachotokea, daktari amemwambia wiki na siku. Aliendelea kukanyaga cherehani huku akisema. Kitambaa kilikwenda upande.

Kwenye rafu, kati ya mabunda ya uzi, kulikuwa na tufe la dunia, la plastiki, la kusimama kwenye mguu. Lilikuwa la binti yake, la kufundishia jiografia. Juu ya tufe kulikuwa na uzi mwekundu umebanwa kwa pini mbili, moja ng'ambo hii ya bahari na nyingine ng'ambo ile.

Fundi aliona anakotazama, akaona haya. Alieleza kwamba uzi huo aliuweka siku ile kasha liko safarini. Hakuweza kushona. Alikuwa akisogeza kidole juu ya uzi, kidogo kidogo, kila baada ya muda, ili ajue damu ya mwanawe imefika wapi.

Mpelelezi alimwomba aupime. Kwa fundi, kuombwa kupima ni kama kuombwa kupumua. Aliuvuta uzi ukakaza, ukahama wenyewe kutoka katikati ya bahari ukapanda juu kidogo kuelekea kwenye baridi, kama njia ya mkato inavyofanya kwenye kitu cha mviringo, akaweka tepu.

"Kumi na saba na robo."

Chini ya mguu wa tufe paliandikwa kwamba kila sentimeta ni kilometa mia nne. Mpelelezi alizidisha juu ya karatasi ya kukatia mitindo: kilometa elfu sita na mia tisa. Akagawa kwa saa tisa na dakika kumi. Alipata kama mia saba na hamsini kwa saa, akaikunjia uso. Ulikuwa mwendo mdogo kwa ndege kubwa.

Fundi alisema mambo hayo wamuulize mwenye tufe. Akapiga simu. Binti alikuwa chumba cha kutengwa, haruhusiwi kutembelewa, lakini simu alikuwa nayo kwenye mfuko wa nailoni, na sauti ilikuja ndogo ila ya darasani kabisa. Mpelelezi alimweleza tatizo bila kutaja kasha. Alisema tu kuna ndege imevuka bahari na mwendo wake haumwingii akilini.

"Ilikuwa inakwenda upande wa machweo?" mwalimu aliuliza.

Ndiyo, kwenda ilikuwa upande wa machweo.

Basi ilikuwa inapanda mto, mwalimu alisema. Huko juu upepo unatoka machweo kwenda mawio, kama mto usioonekana. Bila upepo, ukichanganya kupaa na kushuka, ndege ya namna hiyo hufanya kama mia nane ishirini na tano kwa saa. Ikienda, mto unaipokonya sabini na tano. Ikirudi, mto unaizidishia sabini na tano. Alikuwa na kawaida ya kuwapa darasa la sita swali hilo, na kila mwaka nusu ya darasa hujibu kwamba kwenda na kurudi ni muda mmoja kwa kuwa njia ni moja.

"Wewe ungewafanyaje hao?" Mpelelezi alimuuliza.

"Nawaambia watembee kwenda dukani siku ya upepo, halafu warudi."

Alicheka, akakohoa, muuguzi akamnyang'anya simu.

Mpelelezi aliandika: mia tisa kwa saa. Elfu sita na mia tisa kwa mia tisa. Saa saba na dakika arobaini. Halafu akaandika upya ngazi ya Bwana Kanuni kutoka chini. Kuruka, baada ya tatu na dakika tano. Kutua, baada ya kumi na dakika arobaini na tano. Kufunguliwa, kumi na moja na dakika ishirini.

"Ndege ilikuwa imeshatua," alimwambia fundi. "Ina dakika thelathini na tano iko chini."

Pini moja ilidondoka kutoka mdomoni mwa fundi.

Hesabu hiyo ilizaa nyingine. Kama ndege ilitua mapema hivyo na mzee akatoka uwanjani kwenye saa ya kumi na tatu, basi kasha lilikaa ukaguzini saa mbili na robo, si dakika arobaini na tano. Saa moja na nusu ilikuwa imeliwa pale mezani, na mtu aliyesema amepita kama upepo alikuwa akiificha. Tena alimwona mwenye koti jeusi saa ya tisa ya safari, katika safari iliyokwisha saa ya nane haijatimia. Bwana Kanuni alikosea hesabu; mzee aliona kosa, akajificha ndani yake. Alichosahau ni kwamba kwa kujificha mle alijirudisha mwenyewe angani, peke yake na kasha, kwenye dakika ile ya kifuniko.

Fundi alikuwa ameinama akitafuta pini sakafuni. Aliuliza mzee alikuwa anaficha nini. Mpelelezi alisema hilo ataliuliza uwanjani, na atakwenda na mzee mwenyewe.

Njia nzima ya kwenda uwanjani, saa mbili kamili, Mzee Chumvi aliigeuzageuza kofia magotini. Mpelelezi ndiye aliyeendesha.

Chumba cha ukaguzi wa forodha kilikuwa na meza ndefu ya bati, mizani, benchi la mbao na saa ya ukutani. Nyuma ya meza alikaa afisa mwanamke mnene kidogo, miwani kwenye kamba, ambaye wachukuzi walimwita Mama Mihuri kwa kuwa alikuwa nayo saba na kila mmoja ulikuwa na mahali pake. Chini ya meza, karibu na miguu yake, kulikuwa na kikapu cha chakula.

Mpelelezi aliomba daftari la siku ile. Mama Mihuri alilifungua bila maswali, akaweka kidole. Kasha la dawa, buluu, mbebaji mmoja mzee. Kuingia na kutoka vimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Kati ya kuingia na kutoka ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na dakika ya kutoka ilikuwa ile ile ya ujumbe wa simu. Kwenye safu ya maelezo aliandika: daktari wa afya hayupo, karatasi inasubiri sahihi.

Mpelelezi alitoa vifuko viwili akaviweka juu ya bati, pengwini wametazama juu.

Mama Mihuri alivua miwani.

"Huyu ni wangu," alisema akigusa wa kushoto. Akagusa wa kulia. "Na huyu pia. Niliwanunua duka la watoto, wakubwa hawaingii kwenye kikapu."

Akaeleza, akiwatazama pengwini na si watu. Daktari wa afya alikuwa amekwenda kwenye mkutano, na bila sahihi yake kasha haliendi popote. Mzee alisimama, halafu akakaa, halafu akalala pale kwenye benchi, kasha mapajani, mkanda ameuzungusha kiganjani mara tatu. Kwenye ubavu wa kasha kuna kioo kidogo cha joto. Yeye ana kisukari. Anabeba insulini kazini kila siku, na macho yake yamezoea kutafuta namba hiyo. Aliona sita. Aliporudi kutoka kupiga simu aliona saba. Alimpigia daktari mara nne. Alimtikisa mzee mara mbili, na mara ya pili mzee alisema vizuri kabisa kwamba barua za mtaa wa juu ziko begi la pili, akaendelea kulala. Ilipofika saba na nusu, alitoa barafu ya kwake, akafungua, akavilaza vifuko pembeni bila kugusa mfuko wa mgonjwa, akafunga. Sheria ya ofisi inakataza kufungua shehena ya hospitali daktari asipokuwepo. Ndiyo maana hakuandika.

"Na insulini yako?" Mpelelezi aliuliza.

Mama Mihuri alisema kulikuwa na joto siku ile. Chupa mbili zilikuwa si za kuaminika tena, akazimwaga. Alipata nyingine kesho yake.

Mzee Chumvi alikuwa bado amesimama karibu na benchi. Kofia ilikuwa mkononi.

"Nililala, binti," alisema. "Kule niliusubiri ule mfuko koridoni siku nzima na usiku wake, mtoaji amechelewa. Ndegeni kweli sikufumba jicho, hilo niamini. Lakini hapa nilikaa tu kidogo. Miaka thelathini na minne ya posta sikupoteza hata kadi ya salamu, halafu naambiwa uhai wa mtoto wa watu umefunguliwa mapajani mwangu na mimi sijui. Yule karani alipokosea masaa nikaona nafuu. Nikasema acha ibaki hivyo."

"Na mwenye koti jeusi?"

"Hayupo." Alifikiri. "Koti lilikuwepo. La kwangu."

Akamgeukia Mama Mihuri. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika hivyo hivyo. Mama Mihuri alimwambia akae, baba, asije akaanguka.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mpelelezi aliinama nusu mwili juu ya meza ya bati, akikuza kwa vidole picha ya lebo ya ubavuni mwa kasha, aliyoipiga asubuhi kwa simu yake. Yalikuwa maandishi madogo ambayo Bwana Kanuni hakuwahi kuyasoma kwa sababu hayakuwa kwenye faili. Joto likizidi saba, afisa aliye zamu anaruhusiwa kuongeza barafu, mbebaji akiwepo.

Akauliza mzee alikuwa umbali gani. Mama Mihuri alisema hata hatua moja haikuwepo, kasha lilikuwa mapajani mwake. Mpelelezi alisema basi alikuwepo. Maandishi hayasemi awe macho.

Hata hivyo aliandika yote. Aliandika kulala, aliandika mapajani, aliandika pengwini wawili na chupa mbili zilizomwagwa. Aliandika sentimeta, kilometa, mto wa juu na nusu ya darasa la sita. Mama Mihuri aliuliza kama atafukuzwa, na Mpelelezi akamjibu kwamba hajui, lakini barua itakwenda na jina la kila aliyefanya jambo, na yeye ndiye aliyefanya kubwa. Mama Mihuri alifikiri kidogo, akasema aandike.

Halafu Mpelelezi akampigia fundi. Nyuma ya simu cherehani ilikuwa inakwenda. Alipofika kwenye barafu, ilisimama. Fundi aliomba apewe huyo mama. Alichomwambia hakikusikika upande huu, ila kilikuwa kifupi na kilirudiwa mara nyingi, mpaka Mama Mihuri akaiweka simu juu ya mizani ili apate mkono wa kujifutia macho. Mizani iliandika gramu mia moja na themanini.

Jibu la ng'ambo lilikuja saa kumi na robo, chai haijapoa. Walimshukuru afisa wa forodha kwa cheo chake chote, wakaomba mkuu wake apewe nakala. Mfuko wa pili utatolewa. Mbebaji abaki yule yule, kwa sharti moja: asisafiri peke yake.

Fundi alikuwa na pasipoti na viza tangu siku alipotaka kumpeleka binti yake kutibiwa kule, kabla daktari hajasema hana nguvu ya safari. Alijitolea kabla hajamaliza kuulizwa. Alisema atakaa kiti cha jirani, atakuwa na pini, na mzee akisinzia ataitumia.

Bwana Kanuni alipelekewa ngazi mpya ya masaa. Inasemekana alikaa nayo saa nzima, kisha akajiandikia barua ya onyo, akaisaini mara mbili.

Siku ya tano, asubuhi, Mpelelezi alikuwa amesimama kwenye chumba cha ukaguzi, akiitazama saa ya ukutani. Juu ya meza ya bati kulikuwa na kalamu iliyofunguliwa tayari, na nyuma ya kalamu daktari wa afya mwenyewe, ambaye hakuwa na mkutano. Mihuri saba ilikuwa mahali pake. Kwenye kikapu chini ya meza kulikuwa na pengwini wanne, walioganda kama mawe, kama watahitajika. Kikapu chenyewe kilikuwa kipya, cha kitambaa chenye bitana tatu na mshono usioonekana. Fundi alikiacha pale siku ya kuondoka, akakimbilia ndege bila kusubiri kushukuriwa.

Ndege ilitua baada ya saa saba na dakika arobaini na mbili tangu kuruka. Mpelelezi aliziandika zile mbili kwa heshima ya ukweli.

Wa kwanza kutokea mlangoni alikuwa Mzee Chumvi. Mkono wa kulia mkanda wa kasha, umezungushwa mara tatu. Mkono wa kushoto alikuwa amemshika fundi kwa kiwiko, akimwongoza kama anavyoongozwa bwana harusi aliyepoteza miwani. Fundi alikuwa akitembea, lakini macho yalikuwa yamefumbwa, na pini ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola, haijatumika.

Daktari alitia sahihi. Mama Mihuri alisoma kioo cha joto, nne kamili, akagonga mihuri yote saba kwa pumzi moja. Zilikwenda dakika nne. Fundi aliwekwa kwenye benchi la mbao, akaegemea ukuta, akakoroma.

"Amepitiwa sentimeta ya tano," Mzee Chumvi alieleza kwa sauti ya chini. Alitoa mfukoni uzi mwekundu, wenye fundo dogo mahali hapo. "Nikamwacha. Huyu baba hajalala tangu mwaka jana."

Mpelelezi alimuuliza kama rubani alimwita mbele safari hii. Mzee alisema hapana. Alikaa tu kwenye kiti, kasha mapajani, akasogeza kidole juu ya uzi, kidogo kidogo, mpaka ukaisha. Akasema hiyo atawasimulia watu hivyo hivyo ilivyo.

Nje gari la hospitali lilikuwa linaunguruma, mlango wazi. Mama Mihuri aliinama akamtikisa fundi begani, mara moja, na safari hii aliyelala pale aliamka.